Steam Machine ya Valve: vipimo vyake, na bei tunayoweza kuitarajia hapa Lamu

Assalaam alaykum ndugu watazamaji, na karibuni. Leo tunaichambua Steam Machine, mashine ya michezo ya video ambayo kampuni ya Valve ya Marekani iliitangaza tarehe 12 Novemba 2025 na kuahidi kuitoa mwanzoni mwa mwaka 2026. Tulirekodi uchambuzi huu mwezi Desemba 2025, bei yake ikiwa bado haijatajwa, na swali ninaloulizwa kila nikishuka Langoni ni lile lile: itauzwa shilingi ngapi, na je, mtu aweke pesa aingoje au anunue PlayStation iliyopo dukani? Rai yangu naitanguliza, kisha nitaieleza. Kwa vijana wengi wa Lamu, ambao gemu lao ni mpira, mashine hii si ya kungojewa hata ikija kwa bei nafuu. Kwa yule ambaye tayari ana michezo yake kwenye akaunti ya Steam, duka la Valve la michezo mtandaoni, inafaa sana, mradi ajiandae kulipa bei ya kompyuta, asitarajie bei ya konsoli kama PlayStation.

Umbo lake ni kisanduku cheusi cha takriban sentimita 16 kila upande, chenye uzito wa kilo 2.6, na pawasaplai yake imo ndani, kwa hivyo hakuna adapta kubwa ya kuburura nyuma ya televisheni. Prosesa imetengenezwa na AMD kwa muundo wa Zen 4, ina koa 6 (yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) na kasi inayofika gigahezi 4.8. Chipu ya michoro, ambayo ndiyo roho ya mashine yoyote ya gemu, ni ya kizazi cha RDNA 3 yenye vitengo 28 vya kukokotoa. Kumbukumbu ni GB 16 za DDR5 kwa ajili ya mfumo, na GB 8 za GDDR6 zilizotengwa kwa michoro peke yake. Hifadhi ni ya aina mbili, GB 512 au TB 2, na mbele kuna tundu la kadi ya microSD. Valve yenyewe inasema nguvu yake ni zaidi ya mara sita ya Steam Deck, ile mashine yao ya mkononi iliyotoka mwaka 2022.

Tukiilinganisha na PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, tunaona kwamba Sony waliweka prosesa ya Zen 2, ambayo ni ya zamani zaidi lakini ina koa 8, na chipu ya michoro yenye vitengo 36 vya RDNA 2. Kwa hivyo Steam Machine inaishinda PS5 kwa upya wa prosesa, wala haiizidi sana katika michoro. Aliyekuwa akitarajia mrithi wa PS5 ajue mapema kwamba hili ni rika lake, limevaa nguo mpya.

Zile GB 8 za michoro ndizo zinazonitia wasiwasi, na ningependa tulielewe jambo hili vizuri. Katika PS5, GB 16 zote ni chungu kimoja, na mtengenezaji wa mchezo huchota kadiri anavyohitaji. Hapa chungu cha michoro kimefungwa kwenye GB 8, na michezo mikubwa ya miaka hii miwili mitatu, ukiiweka kwenye ubora wa juu kabisa, huzivuka. Zikivukwa, mchezo huanza kukwamakwama, sura za kuta na nguo hupakiwa kwa kuchelewa, na ukuta unaoukaribia hubaki na ukungu kwa muda kabla haujatulia. Valve wanasema mashine itaendesha michezo kwa 4K (picha kali kuliko 1080p ya televisheni za kawaida) na fremu 60 kwa sekunde, lakini wanasema pia kwamba itatumia FSR, yaani mchezo huchorwa kwa ukubwa mdogo kisha picha ikakuzwa kwa hesabu ili ijaze skrini ya 4K. Si udanganyifu, na PlayStation nayo hufanya hivyo, ila isichukuliwe kuwa ni 4K halisi. Kwa bahati njema, televisheni nyingi zilizomo majumbani mwetu na katika vyumba vya kuchezesha gemu ni za inchi 32 au 43 zenye 1080p. Kwa kiwango hicho GB 8 zinatosha kwa michezo mingi, na mtu akiishusha mipangilio hatua moja hatapata taabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachambuzi wa Nairobi na wa ng'ambo hawaligusi, nalo ni chumvi. Nimefungua konsoli iliyokuwa ikitumika katika nyumba inayotazama bahari, madirisha yakiwa wazi msimu mzima wa kusi. Vumbi la feni halikuwa vumbi kavu la kupuliza. Lilikuwa limeshikana na unyevu wa chumvi likawa uji wa kijivu uliogandamana na mapanga ya feni, skrubu za chini zilikuwa na kutu, na mapezi ya kipoza joto yalikuwa yameota unga mweupe kwenye kingo. Konsoli ya namna hiyo hulia feni yake kwa nguvu, hupata joto, kisha hujizima katikati ya mchezo. Kwa Steam Machine nina matumaini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba prosesa yake imepangiwa wati 30 na chipu ya michoro wati 110, ambazo ni kidogo kuliko takriban wati 200 zinazovutwa na PS5 mchezoni; joto likipungua, feni haihitaji kuvuta hewa nyingi ya bahari kwa kasi. Ya pili ni kwamba sehemu yake kubwa ya ndani ni feni moja pana na kipoza joto kimoja kikubwa, na bamba la mbele hubanduliwa kwa mkono kwa kuwa limeshikwa kwa sumaku. Diski yake ya SSD nayo inaweza kubadilishwa na mwenye mashine mwenyewe. Uchache huo wa wati una faida nyingine umeme unapokatika: UPS ya kawaida, yaani betri ya akiba, itakupa dakika zaidi za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu.

Kabla ya bei, kuna suala la mpira, na hapa ndipo wengi watakapovunjika moyo. Mashine hii inatumia SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Linux, na michezo ya Windows huiendesha kupitia programu iitwayo Proton. Kazi ya Proton ni ya kusifiwa, maana maelfu ya michezo hufunguka bila mchezaji kujua kwamba haikutengenezewa Linux. Lakini michezo ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu hukataa kufunguka, na miongoni mwayo ni ule wa mpira, EA Sports FC, tangu ile ya 24 hadi ya 26, pamoja na Fortnite na matoleo mapya ya Call of Duty. Katika chumba cha gemu hapa Lamu, vijana wanaopokezana padi jioni baada ya Isha wanacheza nini kama si FC? Mwenye chumba cha biashara akinunua Steam Machine kwa matumaini ya kuchezesha mpira, atakuwa amenunua hasara. Ndiyo, unaweza kuweka Windows juu yake, kwa sababu ni kompyuta kamili na Valve hawakuzuii, lakini hapo umelipia leseni nyingine na umepoteza ule wepesi wa kuwasha na kucheza ambao ndio uliokufanya uitake.

Tuingie kwenye bei. Konsoli huuzwa kwa faida ndogo sana au hata kwa hasara, kisha kampuni hurudisha pesa zake kupitia michezo na ada za kila mwezi. Wahandisi wa Valve wameeleza kwamba hawatafuata njia hiyo, na kwamba bei italingana na ya kujiundia kompyuta yenye nguvu kama hiyo. Hilo peke yake linaondoa ndoto ya dola 400. Isitoshe, hata wenye konsoli wamepandisha: Sony walitoza dola 499 kwa PS5 yenye diski mwaka 2020, na Agosti 2025 bei ya Marekani ilipanda hadi dola 549.99, wakati Xbox Series X, iliyoanza na dola 499, ilifika dola 649.99 mwezi Oktoba 2025. Zamani konsoli ikikaa miaka mitano ilikuwa inashuka bei. Kizazi hiki kinapanda kadiri kinavyozeeka.

Kisha kuna kumbukumbu. Karibu kumbukumbu zote za kompyuta duniani zinatengenezwa na kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, na zote zimeelekeza viwanda vyao kwenye vituo vya data vya akili unde, ambako wanunuzi hulipa zaidi na huchukua shehena kubwa. Desemba 2025 Micron walitangaza kuifunga Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida. Bei ya DDR5 madukani ilizidi maradufu kuanzia katikati ya mwaka 2025, na Steam Machine inahitaji GB 16 zake pamoja na GB 8 za michoro na SSD juu yake. Kwa kuzingatia hayo, makadirio yangu kwa ile ya GB 512 ni kati ya dola 700 na 900. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 90,300 hadi 116,100 ikiwa bado iko ng'ambo.

Haitoki ng'ambo bure. Valve huuza vifaa vyake moja kwa moja katika nchi walizozichagua, na Kenya haimo, kwa hivyo itatufikia kupitia kwa wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa au jamaa anayerudi safari. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji, kisha gari hadi Mokowe, boti, na hamali kutoka gatini. Sitashangaa ikisimama kati ya shilingi 120,000 na 150,000 mlangoni pako, na aliyeambiwa atapata kwa 70,000 asitoe arubuni.

Faida inarudi polepole upande wa michezo. Kucheza mtandaoni kwenye Steam hakulipiwi ada, ilhali PlayStation Plus ya kiwango cha chini ilikuwa dola 79.99 kwa mwaka nchini Marekani mwaka 2025, yaani shilingi 10,300 hivi, na punguzo za Steam ni za kweli, michezo ya miaka michache iliyopita ikishuka hadi robo ya bei. Kinachobaki ni kuipakua, kwa sababu mashine haina tundu la diski na mchezo mmoja mkubwa unaweza kufika GB 100, mzigo unaoumiza kwa mwenye kununua bando. Hapo Steam ina huduma ambayo watu wachache hapa wanaitumia: kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani zinaweza kupeana faili za mchezo bila kugusa bando, ilimradi kila akaunti iwe na haki ya mchezo huo. Mmoja wenu mwenye faiba apakue, nyote mje nyumbani kwake na mashine zenu, muunganishe kwa waya badala ya Wi-Fi. Tundu la mtandao la Steam Machine ni la gigabiti moja, kwa hivyo GB 100 zinaweza kuhama kwa takriban robo saa ikiwa diski za pande zote mbili ni SSD, na waya wa Cat 5e unatosha.