Uzoefu wangu na Hebcal: kalenda ninayofungua kabla ya kukata tiketi ya New York

Nilitua uwanja wa ndege wa JFK, New York, Jumatano asubuhi, tarehe 2 Oktoba 2024, nikiwa na mzigo wa tanzanaiti iliyokwisha kukatwa. Kwenye biashara yetu mtu hufika kwanza, ndipo akapiga simu. Nikampigia mteja wangu mkubwa wa Mtaa wa 47, mtaa wa wauza almasi na vito pale Manhattan, mzee wa Kiyahudi anayeshika dini yake barabara. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba anafunga saa nane mchana. Alhamisi hafungui. Ijumaa hafungui. Jumamosi ni Sabato. Tuonane Jumatatu. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi usiku.

Mwezi mmoja na zaidi kabla ya hapo alikuwa ameniandikia, "Njoo baada ya sikukuu." Nikadhani anasema ile ya wafanyakazi ya Wamarekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wakala aliyenikatia tiketi Arusha nilimwuliza kama Oktoba kuna sikukuu huko, akasema ipo ya siku moja tu. Basi nikalipia hoteli ya Manhattan siku ambazo sikuzipangia na gharama ya kubadili tarehe. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimgongea mzee mlango akiwa anajiandaa na Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wao. Ni kama mtu aniletee hesabu za mawe asubuhi ya Idi.

Jumatatu tulipoonana hakunilaumu. Alifungua karatasi za mawe moja moja dirishani, akayatazama kwa lenzi, tukakubaliana bei, akanipa mkono na kusema "mazal u'bracha", yaani bahati na baraka. Neno hilo likishatamkwa mkono kwa mkono, mauziano yamekamilika. Wafanyabiashara wa almasi na vito hulitumia hata wasio Wayahudi. Kisha akachukua simu yangu na kunionyesha Hebcal.

Hebcal ni tovuti ya kalenda ya Kiyahudi, na ni ya bure. Unaandika mji unaokwenda, inakupa sikukuu zote pamoja na saa ya kuwasha mishumaa, yaani saa Sabato inapoingia Ijumaa jioni. Unaweza kuiunganisha na kalenda ya simu, na ukitaka wanakutumia barua pepe kila wiki. Mimi nimeweka New York, na kila Alhamisi naitazama kabla sijamwandikia mtu.

Jambo la kwanza ililonifundisha ni kwamba siku yao inaanza magharibi. Hili lisingenipa taabu kama ningemkumbuka bibi yangu wa Tanga. Akisema "usiku wa Ijumaa" alimaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, si unaofuata. Usiku unatangulia mchana. Kwa hiyo ukiona sikukuu imeandikwa tarehe 3, hesabu kuwa tarehe 2 jioni watu wameshaingia ndani, na mchana wake wako mbioni kupika na kusafiri. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

La pili ni majira. Sisi Arusha jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hatuna mazoea ya kulifuatilia. New York, mwanzoni mwa Desemba mishumaa huwashwa kama saa kumi na dakika 10 jioni; mwezi wa Juni ni kama saa mbili na dakika 10 usiku. Tofauti ya saa nne! Desemba usipange kikao Ijumaa baada ya saa sita mchana. Mtu ana safari ya kurudi Brooklyn au kwingineko, na akichelewa barabarani hawezi kuendelea na gari Sabato ikishaingia.

Halafu kuna simu. Anayeshika Sabato hagusi simu mpaka Jumamosi usiku nyota zitoke. Zamani nilikuwa nikituma picha za mawe Jumamosi asubuhi na kukaa na wasiwasi kwamba bei haikumpendeza. Sasa najua: Desemba Sabato ya New York inapotoka, Arusha ni saa saba usiku kuamkia Jumapili. Picha nazituma Jumapili.

Kitu ninachokithamini sana ni jinsi ukurasa wa sikukuu unavyokoleza tarehe ambazo kazi imekatazwa. Hanuka, sikukuu yao ya taa, ina siku nane, lakini duka liko wazi. Purimu, siku yao ya shangwe, vilevile, ingawa siku hiyo wengi akili haiko kazini. Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, mwanzo wake ni mapumziko kamili, katikati wengine hufungua nusu nusu, mwisho wanafunga tena. Ukiona orodha ndefu usiogope, tazama wino mzito.

Kuna sehemu ya kuwa makini: chagua kama unakwenda Israeli au nje yake. Pasaka yao ni siku saba Israeli na nane New York au Antwerp, mji wa almasi wa Ubelgiji, na sikukuu nyingine ya siku moja kule inakuwa mbili huku. Ukikosea hapo, kalenda itakudanganya bila kosa lake. Na kama safari ni ya Tel Aviv, jua kwamba wiki ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi, treni zinasimama Ijumaa mchana hadi Jumamosi usiku, na siku ya Yom Kippur, saumu yao kuu ya toba, uwanja wa ndege wa Ben Gurion unafungwa kabisa.

Upungufu? Haikuambii mteja wako anafunga saa ngapi, wala kama anashika dini au la. Mtaa wa 47 una Wahindi, Waarmenia, na Wayahudi wasiofuata Sabato. Hilo unauliza mwenyewe, kwa adabu, na sijakutana na aliyechukia kuulizwa. Pia kila kitu nimekisoma kwa Kiingereza, na majina ya Kiebrania yanachosha mwanzoni.

Wengi hudhani tarehe zao zinazunguka mwaka mzima kama Ramadhani yetu. Hapana. Wao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana Mwaka Mpya hauchezi mbali na Septemba na mwanzo wa Oktoba. Msimu huo ndio mgumu, na ndio wafanyabiashara wanaponunua mawe ya kuuza Krismasi.

Nimeipa nyota tano. Safari ya Septemba 2026 nimeshaipanga nayo: Rosh Hashanah ni Jumamosi na Jumapili, tarehe 12 na 13, Yom Kippur ni Jumatatu tarehe 21, na inaingia Jumapili jioni. Katikati nina Jumatatu hadi Alhamisi, tarehe 14 hadi 17. Nilipowasha sehemu ya saumu ndogo nikaona tarehe 14 ina saumu ya Gedalia. Kazi ipo siku hiyo, ila watu hawali, kwa hiyo mzee nitamwalika chakula cha mchana Jumanne.