Mapitio: Jahazi la Usiku wa Kupatwa kwa Mwezi, Lamu

Tarehe 7 Septemba 2025, mwezi mpevu wa Mfungo Sita, nililipa shilingi 2,000 kupanda jahazi lililoondoka gatini Lamu baada ya sala ya magharibi, likatia nanga mkabala na Shela ili abiria wautazame mwezi ukipatwa juu ya kisiwa cha Manda.

Kahawa ya tangawizi ilikuwa moto na mahamri yalitosha. Mikeka ilijaa mchanga, lakini hilo ni dogo. Kilichonifanya niandike ni mwelezaji wao. Saa mbili na nusu, kivuli cha dunia kilipokwisha kuumeza mwezi wote ukawa rangi ya shaba, bibi mmoja alimwuliza kama lile neno la Kiingereza lililojaa kwenye tangazo lao, "eclipse", maana yake ni giza. Alijibu kwa upole kwamba sivyo: Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, nacho Kilatini kililitwaa kwa Wagiriki, ambao kwao "ekleipsis" ni kuacha, au kutoonekana pale unapotarajiwa.

"Basi kwao mwezi umetoroka," akasema bibi. "Kwetu, mwanangu, hautoroki, hupatwa."

Jahazi zima lilicheka, nami naona bibi ndiye aliyeshinda, kwa sababu mwezi ulikuwa pale pale, umepatwa na kivuli chetu, na wekundu wake ulikuwa mwanga wa jua uliopindwa na hewa ya dunia. Mwelezaji aliongeza kwamba hata njia ya jua angani ilipewa jina kutokana na neno hilohilo, kwa kuwa kupatwa hutokea tu mwezi unapokuwa kwenye njia hiyo au karibu nayo.

Dosari ilikuwa kurudi. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na maji ya bamvua hapa hupwa sana mnamo saa nne na nusu usiku, saa ileile tuliyopangiwa kufika. Jahazi likakwama kabla ya gati, tukashuka topeni viatu mkononi, bibi akabebwa mgongoni na baharia. Nilipolalamika niliambiwa kwamba bahari haina ratiba, ilhali jedwali la kujaa na kupwa huchapishwa mapema kwa mwaka mzima.

Maelezo nayapa nyota tano, safari nyota tatu. Atakayekwenda aulize kwanza saa ya maji, na avae ndara.