Itanium na Opteron: gharama iliyojificha nje ya bei

Ukitazama bei ya prosesa peke yake, utapotea. Itanium, prosesa ya Intel iliyobuniwa pamoja na kampuni ya kompyuta ya HP na kuingia sokoni 2001, ilidai programu ziandaliwe upya; zile za zamani za x86, yaani familia ya prosesa za kompyuta za kawaida, zilijikokota juu yake. Mzigo huo aliubeba mteja, naye akasita kununua. Nyaraka za kesi ya HP na kampuni ya programu ya Oracle zilionyesha HP ilikubali kuilipa Intel dola milioni 690 ili Itanium iendelee hadi 2017. Kwangu mimi, hasara inaonekana hapo hapo: mnunuzi mkuu analipa ili bidhaa isife.

Opteron, prosesa ya AMD, mshindani wa Intel, ya 2003, iliongeza uwezo wa biti 64 (kushughulikia data na kumbukumbu kubwa zaidi) juu ya x86 ileile. Programu za zamani hazikuhitaji kubadilishwa. Mwaka 2004 Intel nayo ikafuata njia hiyo.