Nyota moja, na hiyo ni ya ‘lie’ na ‘lay’

Programu hii ya kujifunza Kiingereza nimeifuta kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha mwenyewe. Mnijue hivyo kabla sijaanza kufoka.

Kisa ni ‘call off’. Kwenye somo la vitenzi vyenye mkia, ‘put off’ na ‘call off’ wamezitia kapu moja: zote eti kuahirisha. Nikakariri, nikapata alama zote, katuni ikanipigia vigelegele. Siku si nyingi mteja akaomba tusogeze kikao mbele. Mimi na Kiingereza changu kipya nikawaandikia wote: ‘The meeting is called off.’ Siku mpya ilipofika nikakaa mbele ya kamera, shati limenyooshwa, nakodolea uso wangu mwenyewe. Hakuja mtu. Kumbe nimewaambia kikao kimefutwa! Kuahirisha ni ‘put off’. ‘Call off’ ni kufuta, hakipo tena.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote. Jibu likaja (la mtu au la mashine sijui, maana hata salamu halikuwa nayo): “Tafadhali rudia somo la kwanza.” Somo la kwanza! La ‘good morning’! Nawaonyesha kosa lao, wananirudisha chekechea. Nikafuta.

Mara ya pili ni zoezi lililonikatalia ‘put the meeting off’, likashikilia ‘put off the meeting’ tu. Zote mbili ni sahihi jamani. Kosa ni ‘put off it’, kwa sababu ‘it’ lazima ikae katikati: ‘put it off’. Wakati ‘look after’ haikubali kutenganishwa kabisa, ni ‘look after it’ na basi. Hapo ndipo watu tunapokwama, na hapo hawakugusa.

Ila haki ya mtu nisiile. Aliyeandika somo la ‘lie’ na ‘lay’ sidhani kama anakaa ofisi moja na hao wengine. Hakuweka jedwali. Kaweka lala na laza. Mtoto analala, mama anamlaza. ‘Rise’ na ‘raise’? Inuka na inua. ‘Borrow’ na ‘lend’? Kopa na kopesha, na akaonya tuiache azima, maana azima inakwenda pande zote mbili, ndiyo inayotuponza tukasema ‘borrow me your pen’. ‘Say’ na ‘tell’ ni sema na ambia: ambia haisimami bila kumtaja anayeambiwa, na ‘tell’ ni vivyo hivyo. Miaka yote nasema ‘he said me’, kumbe jibu ninalo mdomoni! Hata ule uchokozi wa ‘lay’ kuwa ndiyo ‘lie’ ya jana kaumaliza kwa mstari mmoja: nililala, ‘I lay’, nilimlaza, ‘I laid him down’.

Kwa somo hilo nilikuwa nawapa nyota nne. Nimeshaziandika kabisa, nikafungua programu nihakikishe kitu kimoja kabla ya kutuma. ‘Call off’ bado ni kuahirisha. Moja!

Sijaifuta lakini. Somo linalofuata ni la ‘bring’ na ‘take’, nataka nione kama aliyeliandika ni yule yule.