Darubini ya jua pale nguzo ya Vasco, Malindi: nendeni, na mrudi tena

Kwa wale mnaouliza kama ile huduma ya kuangalia jua kwa darubini pale karibu na nguzo ya Vasco da Gama inafaa kulipia, mimi nasema ndio, nyota nne kwa tano. Soo mtu mzima, hamsini mtoto. Filta yake iko mbele kabisa ya darubini, sio pale unapoweka jicho, na kabla mtu hajachungulia yule kijana mwenye darubini anaitoa, anaiinua juani kuangalia kama imetoboka. Hapo alinipata.

Ukichungulia unaona doa kwenye uso wa jua, kiini cheusi na ukingo wa kijivu wenye michirizi, na wengi wakishaona hivyo wanapiga picha wanaondoka. Msiondoke jamani, mwambieni awaelezee sumaku, utamu wote uko hapo. Jua ni plazma, yaani gesi ya moto sana inayopitisha umeme, ikweta yake inazunguka kwa siku kama 25 na karibu na ncha ni zaidi ya 30, sasa ile tofauti inavuta mistari ya sumaku huko ndani inaizungushia jua, raundi baada ya raundi, inakazwa kama kamba inayosokotwa, mpaka mafungu yenye nguvu yanakuwa mepesi kuliko plazma iliyoyazunguka, yanaelea juu yanatoboa uso. Yanapotokea ndo doa moja, yanaporudi ndani ndo la pili, moja ncha ya kaskazini ya sumaku, jingine ya kusini. Nguvu ya sumaku yake inafika gausi (kipimo cha sumaku) 3,000 hivi na sumaku ya dunia haifiki hata gausi 1! Ndo inazuia joto lisipande, doa linabaki nyuzi joto za selsiasi kama 3,500 na pembeni ni 5,500, kwa hiyo linaonekana jeusi. George Ellery Hale aliipima sumaku hiyo 1908, Marekani.

Kurudi ni muhimu kwa sababu doa halitulii. Kijana ana faili la picha za sumaku ya jua kutoka SDO, setilaiti ya NASA inayotazama jua, ncha moja ya sumaku nyeupe nyingine nyeusi, anazipanga siku kwa siku unaona doa la mbele, lile linalotangulia jua likizunguka, limejikusanya vizuri huku la nyuma linavunjika vipande, vipande vinasambaa, vingine vinasukumwa polepole hadi kwenye ncha ya jua, na ndivyo sumaku ya kaskazini na ya kusini ya jua zinavyobadilishana kila miaka kama 11. Kundi la madoa la Mei 2024 lililoleta ile dhoruba kubwa ya sumaku duniani pia analo, weupe na weusi umesongamana vibaya sana. Na sisi ndo jirani wa Ngomeni, setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa hapo 1970, watoto wetu wana haki ya kuyajua haya.

Nyota moja nimekata kwa foleni isiyo na kivuli, halafu darubini inageuza kulia kuwa kushoto lakini picha za faili hazijageuzwa, mtoto wa mbele yangu akachanganya doa la mbele na la nyuma na hakuna aliyemrekebisha. Nendeni asubuhi, saa tatu hivi, hewa bado imetulia na madoa yanaonekana makali. Na wewe kaka, ukisoma hapa, tafadhali chapisha picha zilizogeuzwa.