Uzoefu wangu: Simpsons iliyotafsiriwa, na DJ aliyeharibu lile vumbi

Naandika nikiwa bado na hasira. Nilisubiri zipoe, naona hazipoi, bora niseme tu.

Kuna laiburari moja ya muvi mtaani kwetu, jina naliacha, wanakujazia flashi muvi na sizoni zilizotafsiriwa na mi ni mteja wao wa muda mrefu. Kama mwezi hivi umepita, labda na zaidi, nilienda nikamwambia yule kijana anitafutie zile episodi za The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani ya familia ya Homer, za Halloween, sikukuu yao ya mambo ya kutisha, zinaitwa Treehouse of Horror, ambazo DJ ameziwekea Kiswahili. Akazipata, sio zote, za mwanzo mwanzo tu, ila hizo za mwanzo ndo nilikuwa nazitaka kuliko zote.

Nilizitaka kwa ajili ya mama. Mama Kiingereza hajui na macho yake hayawezi tena kukimbizana na maandishi ya chini, ila kwenye hadithi humwambii kitu. Kwa muda mrefu tu, umeme ukikatika au jioni tukiwa tunachambua mchicha, nilikuwa namsimulia Twilight Zone, ile sizoni ya zamani isiyo na rangi, ya hadithi za ajabu za kutisha, aliyoianzisha Rod Serling, iliyorushwa Marekani kuanzia 1959 mpaka 1964. Namsimulia moja moja, kama yeye alivyokuwa anatusimulia sungura na fisi, na nikifika pazuri nanyamaza kidogo kama alivyokuwa anatufanyia yeye.

Iliyomkaa kichwani ni ile ya 1962 inaitwa To Serve Man. Kwa asiyeijua, wanakuja wageni kutoka sayari nyingine, majitu marefu, wapole kabisa, wanamaliza njaa duniani, majangwa yanageuka mashamba, majeshi yanakosa kazi. Kiongozi wao anasahau kitabu kule Umoja wa Mataifa, wataalamu wanahangaika mpaka wanasoma kichwa cha kitabu tu, na kichwa kwa Kiingereza kina maana mbili, kumhudumia binadamu au kumpakua binadamu kwenye sahani. Nilikaa siku nzima natafuta namna ya kumwambia mama bila kuua ile maana, mwisho nikamwambia kitabu kinaitwa Karamu ya Binadamu. Akafurahi, akasema ahaa, wanatuandalia karamu. Watu wanapanda chombo kwa foleni kwenda kutembelea sayari ya wageni, wanapimwa uzito kabla ya kupanda, hapo mama akaniangalia akasema mbona wanapimwa kama mbuzi wa sikukuu? Sikumjibu. Nilipofika pale yule dada anakuja mbio anapiga kelele kwamba ni kitabu cha mapishi, mama alishika kifua. Kwa siku kadhaa ilikuwa ndo hiyo hiyo, kila mgeni akipiga hodi mama ananikumbusha nimwangalie kama kaja na mizani.

Sasa Simpsons walivyoichukua hiyo hadithi mwaka 1990, kwenye Halloween yao ya kwanza kabisa, ndo kitu kinachonifanya niipende ile katuni mpaka leo. Familia inachukuliwa na kina Kang na Kodos, wageni wa sayari nyingine, wanalishwa mavyakula, wanazidi kulishwa, na Lisa, mtoto wa kike wa familia, anashtuka anaingia jikoni anakuta kitabu kimeandikwa namna ya kupika binadamu. Anakuja nacho juu juu. Mgeni anapuliza vumbi lililoficha jina la kitabu, kumbe ni kupikia binadamu. Lisa anapuliza tena, kumbe kupika binadamu arobaini! Linapulizwa la mwisho, kupikia binadamu arobaini. Yani wageni walikuwa wema kweli, mpishi wao analia kwa kuumizwa, na familia inarudishwa nyumbani imekosa raha zote kwa sababu ya kumshuku mtu aliyekukaribisha. Ukiwa umeiona Twilight Zone unakaa pale unajiamini kwamba mwisho unaujua, na kile unachokijua ndo kinachokuangusha. Asiyeijua ya zamani atacheka kidogo, ila anayeijua anapata vyote viwili.

Na mama alikuwa anaijua!! Nilimuandaa miezi yote hiyo. Halafu angalia lugha yetu ilivyo tamu, Kiingereza kinahitaji neno zima lifichwe na vumbi, sisi ni herufi moja tu. Kupika, kupikia. I moja chini ya vumbi. Nilikuwa naota DJ atakavyoisema, anatulia, anavuta pumzi, kupiKIa... kazi ameshatengenezewa na lugha yenyewe, ye ni kutamka tu.

Mnajua alichofanya? Lisa anakitoa kitabu, hata vumbi halijaguswa, DJ huyo kwa sauti kubwa: "Hapo kashika kitabu cha kuwapikia watu arobaini." Kaimaliza. Kaimaliza yote palepale. Alafu zile mara zote wanapuliza, pale ambapo ndo utani wenyewe uko, ye akaanza kutaja jina lake na namba yake ya simu kwa wanaotaka muvi mpya. Namba ya simu! Juu ya vumbi! Mama akanigeukia akaniuliza sasa hawa wanapuliza nini na mbona yule mpishi analia. Nikakosa cha kumwambia. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nikakiweka chini maana niliona nitakitupa.

Kesho yake nikarudi laiburari, sio kudai hela, hela yenyewe ndogo, nilitaka tu waniambie kama kuna tafsiri nyingine ya DJ mwingine, na huyu aambiwe. Yule kijana hajainua hata macho kwenye kompyuta. Ananiambia sista hiyo katuni ya watoto, nani anaangalia vumbi. Nikamwelekeza, nikamuonyesha kwenye simu, hii hapa i, angalia mwenyewe. Akaangalia, akaona. Alafu akasema, na hili ndo linaniuma mpaka sasa, akasema "sawa dada uko sahihi, ila unapiga kelele unanifukuzia wateja." Walikuwepo wateja wawili tu na wote walikuwa wananisikiliza mimi. Mtu nimekuwa nakuja kwako miaka, nakusalimia kila siku, leo nimekwambia kitu cha kweli na umekiri ni cha kweli unanitoa kama kichaa.

Nikaondoka nimeapa sirudi. Nikaandika hapa nyota moja na maneno mengine nimeyafuta.

Ila tatizo flashi ilikuwa bado ina vitu, na mama akasema tuendelee. Tukaweka ile ya 1993 ya basi la shule. Hii nayo nilishamsimulia ya zamani, ya 1963, mwigizaji William Shatner yuko kwenye ndege futi 20,000, ametoka tu kuuguzwa akili, anaona kiumbe kimekaa kwenye bawa kinang'oa injini na kila akimuita mtu kinapotea. Simpsons wakaishusha mpaka futi tano na nusu, dirisha la basi la shule, Bart, kaka yake Lisa, ndo anaona kidude kinafungua matairi na hakuna anayemwamini. Na hapa jamani lazima niseme ukweli, DJ ni yule yule, sauti ile ile, ila kwenye basi yule mtu ni fundi. Alilifanya basi zima liwe daladala, dereva anajibu kama makonda wetu, kile kidude kakiita kijini cha tairi, na Bart anapolia sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kweli. Mama alishika mkono wangu.

Mwisho Bart anashushwa kafungwa, basi limechanwa ubavu mzima, anasema si mnaona, nilisema kweli. Kwenye ile ya zamani hapo ndo unapumua, bawa limeharibika, ushahidi upo, siku moja watamwamini. Kwenye katuni mwalimu mkuu Skinner anamwambia hata kama ulikuwa sahihi umeleta fujo, unaenda kwa vichaa. DJ akaitafsiri hivi: "Umesema kweli mwanangu, ila umepiga kelele." Nikahisi mwili umekufa ganzi. Maneno yale yale niliyoambiwa pale dukani siku mbili nyuma! Nilikuwa nimeiona hiyo episodi sijui mara ngapi na sikuwahi kumuonea huruma Bart namna ile. Machozi yalinitoka, mama akadhani naogopa kijini.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Mtu aliyeniharibia kitu nilichokiandaa miezi ndo huyo huyo kanifanya nimsikie Bart kwa mara ya kwanza. Nyingine kwenye flashi zilikuwa za kawaida, ile ya mwanasesere wa yule mchekeshaji Krusty anayetaka kumuua baba yao, Homer, kaifanya haraka haraka, ile ya Bart anayesoma mawazo ya watu na mji mzima unalazimika kuwaza mazuri ni nzuri, watu wanavyotabasamu kwa hofu kaiweza. Nikawa nimeshapandisha, nyota tatu, hata nne nilifikiria.

Alafu jana nikakata boksi, nikaandika kwa kalamu ya maka KUPIKIA BINADAMU AROBAINI, nikaweka unga wa sembe juu ya i na juu ya arobaini, nikampelekea mama kibarazani. Akasoma, kupika binadamu. Akaniangalia na lile jicho la mizani. Nikamwambia puliza. Akapuliza, unga ukamrudia usoni, akasoma tena taratibu kwa kidole, kupi-ki-a, alafu akacheka mpaka jirani akachungulia. Akasema kumbe yule mpishi ndo maana analia, masikini.

Ile sura ya mama ingekuwa imetokea mwezi mzima uliopita, mbele ya TV, kama DJ angenyamaza sekunde kumi tu. Kumi! Namba ya simu angeitaja wakati majina yanapita mwishoni, nani angemkataza.

Nimerudisha nyota mbili. Moja ya basi, moja ya kile kijini cha tairi. Ya vumbi hamna, na kijana wa kaunta hamna.