TAHADHARI: Mafundi feki wa bunduki za kuwindia

Wawindaji wenzetu mlioko Marekani, msimu wa kulungu ukikaribia matangazo huwa mengi: tuma bunduki yako ya kiwandani, utarudishiwa risasi zake zikiangukia ndani ya nusu inchi kwenye yadi 100, uhakika. Baadhi ya wanaoyaweka si mafundi. Wanapaka gundi ukingoni mwa kitako, wanalegeza triga, wanakula pesa.

Chambo ni picha ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana. Risasi tatu hazisemi kitu. Bunduki ambayo matundu yake yaliyo mbali zaidi huachana kwa wastani wa sentimita 2.5 kwa risasi 3, ikipigwa risasi 10 wastani huwa karibu sentimita 4, na hakuna kilichoharibika. Dai risasi 10 kwenye karatasi moja, zikiwa za aina unayotumia wewe. Tapeli hapo huanza kununa.

Kazi inayochakachuliwa zaidi ni kukalisha chuma (kasiba na mtambo wake) kwenye kitako kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, maana ikishafungwa huioni. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua skrubu za chini, toa chuma, angalia. Kazi ya kweli imeacha alama kamili ya chuma kwenye epoksi, kama muhuri kwenye nta, bila vishimo vya hewa. Jino la teke, kile kipande kinene kinachoning'inia chini pale kasiba inapoanzia, liguse epoksi upande wa nyuma tu. Mbele, pembeni na chini fundi hubandika tepu kabla ya kumimina ili pabaki upenyo. Asipofanya hivyo chuma hukwama, na kila ukikifungua na kukirudisha kinakaa pengine. Feki utaikuta kama mstari wa gundi ukingoni, ndani mbao tupu. Wengine hutumia fila ya bodi za magari, ambayo hupasuka kwa teke la bunduki.

Hata bila kuitoa kuna kipimo. Kaza skrubu zote, weka kidole kwenye mshono wa kasiba na ncha ya kitako, kisha mwenzako alegeze ya mbele polepole. Ukihisi kasiba inaruka, chuma kilikuwa kimepindishwa. Ukifunga tena tumia spana ya kupimia: kitako chenye nguzo za alumini, yaani mirija ambamo skrubu hupita, huvumilia inchi-pauni 60 hadi 65, mbao tupu zisizidi 40 hivi, la sivyo zinabonyea. Wanaokuuzia “kasiba huru”, yaani isiyogusa kitako, kwa kukwangua ncha ya kitako wanaweza pia kukuharibia: viwanda vingine huacha makusudi kivimbe kinachoinua kasiba nyembamba, na si kila kasiba inapenda kuachiwa.

Kuigandisha kasiba kwa naitrojeni? Huna namna ya kuona kama ilifanyika. Usilipie.

Hatari kubwa iko kwenye triga. Kuilainisha kwa kusugua nyuso zinazoshikana kwa tupa kunaweza kuifanya bunduki ijifyatue. Bila risasi: funga bolti (kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani) kwa nguvu mara kadhaa, weka kufuli ya usalama, vuta triga, iachie, kisha toa kufuli. Kipigo, ile pini inayogonga risasi, kikianguka mara yoyote hapo, usiitumie. Wenye Remington Model 700 au Model Seven yenye triga ya X-Mark Pro iliyotengenezwa kati ya 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kiwanda kiliziita zirudishwe mwaka 2014. Anayekuambia ataikaza skrubu tu, mkimbie.

Kabla ya kutuma, omba nakala ya leseni yake ya shirikisho na uihakiki kwenye FFL eZ Check, ukurasa wa mtandaoni wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Bunduki ikilala kwake lazima iandikwe kwenye daftari lake, kwa hiyo anayesema “hakuna haja ya makaratasi” amejianika. Piga picha namba ya bunduki, bolti na darubini, bolti hubadilishwa. Usilipe kwa kadi za zawadi. Na kwanza kaza skrubu za darubini, maana mara nyingi ugonjwa wote ni huo.

Kama umeshatuma na simu haipokelewi, peleka namba ya bunduki polisi leo, si baada ya msimu, ili iingizwe kwenye orodha ya zilizoibiwa kabla haijauzwa kwa mwingine.